Kokteli: Juisi au Kileo? Maoni Kuhusu Istilahi za Migahawa kwa Mfano wa Same na Upare

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo la istilahi zinazotumika katika orodha za vyakula na vinywaji za migahawa yetu, na kupendekeza njia ya kulitatua. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni dogo likilinganishwa na istilahi za sheria, za hesabu au za udaktari, ambazo ndizo zilizozoeleka katika kurasa kama hizi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba istilahi ya sheria husomwa na hakimu mwenye kamusi mezani, hali istilahi ya mgahawa husomwa na mtu mwenye njaa na kiu, ambaye muda si mrefu atakitia kinywani kile alichokisoma. Hukumu yenye kosa yaweza kukatiwa rufani. Kinywaji kilichokwisha mezwa hakina rufani.

Tukio lililonisukuma kuandika makala haya lilitokea mjini Same. Nilikuwa nimekwenda huko kikazi kuonana na walimu wa Kiswahili, na jioni moja mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu kutoka milimani, alinialika chakula katika mgahawa mmoja wa pale mjini. Mahali penyewe palikuwa pazuri: meza zilipangwa uani chini ya miti, taa zilikuwa hafifu, na milima ya Upare ilionekana ikitiwa giza taratibu. Orodha ya vinywaji iliandikwa kwa Kiingereza, na neno moja tu alilitambua mwenyeji wangu, yaani kokteli. Akaagiza kokteli.

Mhudumu, kijana mwenye adabu, akaleta bilauri iliyopambwa kwa kipande cha ndimu. Mzee akanywa funda moja, akaiweka bilauri mezani.

“Mwanangu, hiki kina nini ndani yake?”

“Kina konyagi kidogo tu, mzee, na tangawizi, na asali.”

“Mimi sinywi kileo. Tangu nizaliwe sijakinywa.”

“Samahani sana, mzee wangu. Lakini uliagiza kokteli.”

“Naam, kokteli. Kama ile ya pale stendi: embe, pasheni na parachichi.”

Mzee hakugomba. Aliomba maji, akasukutua, kisha akanigeukia akasema, “Wewe si ndiye mtu wa maneno? Basi nendeni mkalitazame na hili.”

Nimelitazama kwa muda mrefu, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba hakuna aliyekosea kati yao. Mzee alilitumia neno kwa maana anayoijua, na kijana akalipokea kwa maana aliyofundishwa. Kosa lilikuwa katika neno lenyewe, na hilo ndilo linaloifanya kazi hii kuwa yetu.

2. Sababu ya kuchagua Same

Same si mji mkubwa, wala si mji wa anasa. Ni makao makuu ya wilaya yaliyopo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha, chini ya milima ya Upare Kusini. Hata hivyo mambo mawili yanaufanya uwe mfano mwema kwa shabaha yetu.

Jambo la kwanza ni wageni. Pori la akiba la Mkomazi, lililoanzishwa mwaka 1951, lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na lango lake la Zange liko karibu sana na mji wa Same. Wengine hupanda milimani kwenda Mbaga, au kuuona msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462. Wageni hao wanapotua jioni hutaka mahali pa kuketi kwa utulivu, kinywaji kilichochanganywa kwa ustadi, na vyakula vidogo vidogo vya kuonja mmoja baada ya mwingine. Desturi hii imeingia pamoja na maneno yake.

Jambo la pili ni wenyeji. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi yake katika nchi hii huko Giti, katika milima ya Upare, mwaka 1903, na hadi leo waumini wake ni wengi milimani. Wao hawanywi kileo wala hawali nyama ya nguruwe. Wapo pia Waislamu wengi, milimani na tambarare, na wapo Wakristo wa madhehebu mengine. Meza moja mjini Same yaweza kuwa na watu wanne: mmoja anakunywa, wa pili hanywi kwa sababu ya imani yake, wa tatu kwa sababu ya dawa alizoandikiwa na mganga, na wa nne kwa sababu ndiye atakayeendesha gari usiku ule. Orodha ya vinywaji haina budi kuwahudumia wote wanne.

3. Majina ya mahali

Kabla ya kufika kwenye kinywaji, yatupasa kulijua jina la mahali kinapouzwa. Katika Kiswahili cha leo majina haya yamechanganyika, na mfasiri asiyeyatofautisha atampeleka msomaji mahali asipopataka.

Hoteli, kwa matumizi ya wengi, ni mahali pa kula, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Msafiri anayeambiwa kwamba basi litasimama “hotelini” hatarajii kulala bali anatarajia wali. Mahali pa kulala pasipo chakula huitwa nyumba ya kulala wageni, au gesti. Maana hii ya hoteli ni tofauti na ile ya Kiingereza, na mfasiri wa hati za leseni aikumbuke.

Mgahawa na mkahawa ni maneno ndugu, na yote mawili yanatokana na kahawa. Hapo zamani yalimaanisha nyumba ya kunywea kahawa na kuzungumza. Siku hizi nchini Tanzania mgahawa umekuwa ndilo jina la mahali pa chakula pa hadhi ya kati na ya juu, na Kenya wanapendelea mkahawa kwa maana hiyohiyo. Kukua kwa maana namna hii si ajabu. Neno la Kifaransa ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa mahali kama hapa lilimaanisha kwanza mchuzi wa kumrudishia mtu nguvu, ndipo likawa jina la nyumba iuzayo mchuzi huo.

Baa ni mahali ambapo kileo ndicho msingi na chakula ni cha kusindikiza. Kilabu, katika matumizi ya Tanzania, ni mahali pa pombe za kienyeji. Mama lishe, ambaye Dar es Salaam ilimwita kwanza mama ntilie, ni mtu, na jina lake limehamia kwenye kibanda chake.

Ipo pia sifa inayowasumbua wafasiri: ile ya mgahawa ambao mtu huenda si kwa ajili ya chakula tu bali pia kwa ajili ya hali ya pale mahali, yaani mwanga, utulivu, muziki, mpangilio na mandhari. Lugha ya Kiingereza hulitumia hapa neno lilelile linalotaja tabaka la hewa linaloizunguka dunia. Mfasiri mwenye haraka akifungua kamusi atakuta angahewa, nalo ni neno jema katika somo la jiografia, lakini mgahawa hauna angahewa yake. Mandhari nayo ni ile inayoonekana kwa macho, kama milima mbele ya meza yetu. Haitaji muziki wala ukarimu. Ninapendekeza haiba, neno ambalo tayari linamaanisha mvuto wa mtu unaotokana na mambo mengi kwa pamoja. Tuseme basi “mgahawa wenye haiba”, na pale panapohitajika ufafanuzi tuseme “haiba ya mahali”. Hapo msomaji ataelewa bila kufundishwa.

4. Kokteli na maana zake mbili

Maelezo ya kwanza yaliyochapishwa ya kinywaji hiki yanayojulikana yalitokea katika gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, Marekani, mwezi Mei mwaka 1806. Gazeti lilieleza kuwa ni kinywaji cha kusisimua kinachotengenezwa kwa pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa Marekani, alichapisha kitabu cha namna ya kuvichanganya vinywaji hivyo, na tangu hapo kazi hiyo ikahesabiwa kuwa fani. Katika asili yake, basi, kokteli haikosi pombe kali.

Neno lilipofika Afrika ya Mashariki lilikwenda njia mbili. Njia moja ilipita katika hoteli kubwa, likabaki na maana yake ya kigeni. Njia ya pili ilipita kwa wauza juisi. Hawa walichukua ile sehemu ya maana inayohusu mchanganyiko, wakaiacha pombe. Leo katika vibanda vya juisi vya Tanzania na Kenya, ukiagiza kokteli utapewa juisi ya matunda mawili, matatu au zaidi yaliyochanganywa, na mtoto wa shule anaweza kuinunua mchana kweupe.

Neno kubadilika maana likivuka mpaka si kosa. Tunao mfano mwingine katika bilauri ileile ya mwenyeji wangu. Konyagi ni neno lililotokana na Cognac, mji wa Ufaransa, na kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni brandi. Leo nchini Tanzania ni jina la pombe kali isiyo na rangi, ambayo si brandi hata kidogo. Mabadiliko hayo hayamdhuru mtu, kwa kuwa maana ya pili iliifukuza ya kwanza na anayeagiza konyagi anajua atakacholetewa. Hatari ya kokteli ni kwamba maana zote mbili zi hai, katika mji mmoja na katika mtaa mmoja, na tofauti kati yake ndiyo hasa ile ambayo mnywaji anahitaji kuijua kuliko nyingine zote.

Ziko pia sababu za kisheria. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka anayeuza kileo awe na leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inakataza kumwuzia kileo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Basi mtumishi wa halmashauri anayekagua mgahawa, akakuta orodha inayosema “kokteli” na mtoto aliyeiagiza, ataandika nini katika taarifa yake? Neno halimsaidii yeye, wala mwenye mgahawa, wala mzazi wa mtoto.

5. Funzo la dawa

Wapo watakaosema tuache maneno ya kigeni, tuchukue neno letu wenyewe. Shauri hilo ni jema, lakini uenyeji wa neno pekee hautoshi, na ushahidi wake uko Nairobi.

Katika mgahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980 na kujulikana mbali kwa nyama zake za kuchoma, kuna kinywaji mashuhuri kiitwacho dawa. Hutengenezwa kwa vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, na kijiti kilichopakwa asali hutumika kukikorogea. Jina limesafiri, leo utalikuta katika orodha za vinywaji za hoteli za kitalii hata upande wetu wa mpaka. Lakini Nairobi hiyohiyo, katika migahawa ya kahawa, dawa ni kinywaji cha moto cha ndimu, tangawizi na asali, kisicho na tone la kileo, ambacho watu hunywa wakishikwa na mafua.

Neno ni la Kiswahili safi, linajulikana na kila mtu, tena linapendeza. Hata hivyo ugonjwa ni uleule wa kokteli: jina moja, vinywaji viwili, kimoja kina kileo na kingine hakina. Hali ni mbaya zaidi, maana neno lenyewe linaahidi afya. Mzee mwenye kikohozi akishuka kutoka Mamba Miamba, sehemu ya wilaya ya Same inayojulikana kwa kilimo cha tangawizi, akaona katika orodha “dawa ya tangawizi na asali”, ana haki ya kuamini kwamba ataletewa kile anachokijua nyumbani kwake. Basi tunachokitafuta ni neno litakalomwambia msomaji lililo la lazima, ama liwe la kwetu au la kukopa.

6. Pendekezo: kinywaji mseto

Kanuni inayojulikana kwa wanaistilahi wetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ng'atuka kutoka Kizanaki, na kitivo, neno linalohusishwa na lugha za milimani upande wa Usambara na Upare. Safari hii hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa neno liko jikoni.

Mseto hutokana na kitenzi seta, yaani kuponda. Kwa asili ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Maana yake imekwisha panuka, nasi tunalitumia kila siku: serikali ya mseto ni ya vyama vilivyoungana, kilimo mseto ni cha miti na mazao katika shamba moja, kama vihamba vya milimani vyenye kahawa, migomba na miti ya kivuli, dawa mseto ni dawa ya malaria yenye viambato zaidi ya kimoja. Mwenyeji wa Upare hahitaji kufundishwa dhana hii, kwa kuwa chakula kinachotajwa pamoja na jina lake, makande, ni mahindi na maharage katika chungu kimoja. Aidha, maana ya kuponda inafaa, kwa sababu ndimu na tangawizi hupondwa kabla ya kuchanganywa.

Ninapendekeza basi istilahi tatu zinazopangika kama jamaa moja. Kinywaji mseto liwe jina la jumla, kwa kinywaji chochote kilichochanganywa kutokana na viambato viwili au zaidi. Chini yake ziwe aina mbili. Kileo mseto ni kinywaji mseto chenye kileo, kiwe kingi au kidogo. Sharubati mseto ni kinywaji mseto cha matunda, viungo au asali, kisicho na kileo kabisa. Sharubati ni neno la zamani la kinywaji kitamu cha matunda, na halijawahi kushukiwa kuwa na pombe.

Umbo la maneno haya halina ugumu. Kileo hubaki katika ngeli yake ya KI-VI, na mseto hukaa kama kivumishi kisichobadilika: kileo mseto, vileo mseto, kama vile dawa mseto ilivyo moja na nyingi. Habari kubwa iko katika neno la kwanza. Asomaye akikutana na kileo, hata kama hajui maana ya mseto, amekwisha onywa.

Je, kokteli lifutwe? La. Neno lililokwisha kaa vinywani mwa watu halifutwi kwa makala. Wauza juisi waendelee kuliita hivyo, na wahudumu wa hoteli vilevile, katika mazungumzo. Ninachosisitiza ni kwamba katika maandishi, yaani katika orodha, katika leseni, katika mitaala ya vyuo vya hoteli na katika tafsiri, neno hili lisisimame peke yake. Halikadhalika tusikubali pendekezo la baadhi ya watu la kutohoa pia neno la Kiingereza la kinywaji kisicho na kileo na kupata mokteli. Kokteli na mokteli hutofautiana kwa sauti moja tu, tena ya mwanzo. Katika mgahawa wenye muziki mhudumu hataisikia, na katika karatasi iliyofifia msomaji hataiona. Tofauti kubwa namna hii haifai kubebwa na konsonanti moja.

Ama kuhusu pombe za kienyeji, rai yangu ni kwamba zibaki na majina yake, kwa kuwa ni sahihi kuliko tafsiri yoyote. Dengelua ni dengelua, yaani pombe ya miwa. Mbege ni ya ndizi na ulezi. Wanzuki ni ya asali. Ulanzi ni ya mianzi. Mgahawa ukitaka kumwonjesha mgeni dengelua, uandike jina hilo na maelezo mafupi mbele yake, wala usiseme “bia ya miwa”, kwa sababu si bia.

7. Vyakula vidogo

Desturi ya kuagiza vyakula vingi katika visahani na kula kwa pamoja inajulikana duniani kwa majina mbalimbali. Wahispania husema tapas, kutokana na kitenzi chenye maana ya kufunika. Waturuki na majirani zao husema meze, neno lenye asili ya Kiajemi linalohusu ladha. Katika orodha za Kiingereza cha leo hutajwa tu udogo wa sahani, na hapo ndipo wafasiri wetu huandika “sahani ndogo”. Tafsiri hii haifai. Sahani ndogo ni chombo. Anayekiomba dukani hupewa chombo.

Tuyatazame maneno tuliyo nayo. Kitafunwa, au kitafunio, ni cha kula na chai: andazi, sambusa, kachori. Kitoweo husindikiza ugali au wali, hakisimami peke yake. Kiamsha hamu huja kabla ya chakula kikuu, na kinataka kifuatwe na chakula hicho. Lakini hivi tunavyovizungumzia ndivyo chakula chenyewe, kidogo kidogo. Ninapendekeza kionjo, wingi vionjo, kutokana na onja. Neno hili limekwisha tumika kwa maana ya sehemu ndogo ya kitu inayotolewa ili mtu aijue ladha yake, na linakubaliana na njia waliyoipita Waajemi bila sisi kuwaiga.

Lakini asidhani mtu kwamba dhana yenyewe ni ngeni. Pwani watu wamekula sinia moja tangu enzi na enzi. Katika bustani ya Forodhani, Unguja, mla chakula cha jioni hupita meza hadi meza akichukua mshikaki hapa na bakuli la urojo pale. Na mjini Same mbuzi wa kuchoma huagizwa kwa kilo au nusu kilo, hukatwa vipande vidogo, huletwa pamoja na kachumbari, pilipili na ndizi za kuchoma, na meza nzima hula. Tulichokikosa ni jina la kuliandika katika orodha, hali mambo yenyewe tunayo. Hata makande yaweza kuletwa katika kibakuli kama kionjo, na mgeni akaijua Upare kwa kijiko kimoja.

Mambo mawili yaandikwe katika kila kionjo. La kwanza ni kiasi: “kwa mtu mmoja”, “kwa watu wawili”, au uzito, ili mlaji ajue kama atashiba. La pili ni aina ya nyama. “Mishikaki” peke yake haitoshi, wala “nyama choma”. Nyama ya nguruwe hapa nchini ina jina la mitaani, kitimoto, ambalo wenyeji wote wanalijua lakini mgeni halijui. Katika orodha iandikwe waziwazi “nyama ya nguruwe”. Hoja ni ileile ya kileo: jina la utani ni tamu kwa wanaolijua, na ni mtego kwa asiyelijua.

8. Muhtasari wa mapendekezo

Haiba ya mahali: mvuto wa mgahawa utokanao na mwanga, utulivu, mpangilio, mandhari na ukarimu.

Kinywaji mseto: kinywaji kilichochanganywa kutokana na viambato viwili au zaidi.

Kileo mseto: kinywaji mseto chenye kileo, hata kikiwa kidogo.

Sharubati mseto: kinywaji mseto kisicho na kileo.

Pombe kali: kileo kilichopatikana kwa kukeneka, kama vile konyagi, vodka na brandi.

Kionjo: chakula cha kiasi kidogo, kinachoagizwa pamoja na vingine vya namna yake, aghalabu kwa kushirikiana.

Orodha ya vyakula na vinywaji: karatasi au ubao unaotaja vinavyouzwa na bei zake, kwa ufupi, menyu.

Mistari ifuatayo ni kielelezo cha namna ya kuziandika:

Kileo mseto cha tangawizi: konyagi, ndimu, asali, tangawizi iliyopondwa, barafu. Kina kileo.

Sharubati mseto ya tangawizi: ndimu, asali, tangawizi iliyopondwa, maji, barafu. Haina kileo.

Kionjo cha mbuzi wa kuchoma: robo kilo, kachumbari na ndizi za kuchoma, kwa watu wawili.

Kionjo cha makande: mahindi, maharage, tui la nazi, kwa mtu mmoja. Hakina nyama.

Msomaji ataona kuwa vinywaji viwili vya kwanza vinatofautiana kwa kiambato kimoja tu, na kwamba majina yake hayawezi kuchanganywa hata yakisomwa kwa taa hafifu. Mwalimu naye anaweza kuyatumia darasani kuonyesha jinsi istilahi moja ya jumla inavyozaa istilahi za aina.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kokteli limekuwa jina la vitu viwili vinavyopingana katika jambo lililo la lazima kwa mnywaji. Kwamba kulibadilisha kwa neno la Kiswahili lisilopimwa, kama dawa, hakuondoi tatizo. Na kwamba mseto, likitanguliwa na kileo au sharubati, linatosha kulitatua. Mapendekezo haya si maamuzi. Wafasiri wayajaribu katika orodha wanazopewa kuzitafsiri, walimu wayapime pamoja na wanafunzi wao, na watumishi wa leseni na afya watueleze kama yanafaa katika fomu zao. Ikiwa Chasu, au lugha nyingine yoyote ya nchi yetu, ina neno bora zaidi kwa mojawapo ya dhana hizi, tutafurahi kuletewa pamoja na maelezo ya maana yake na mahali linapotumika.

Mwenyeji wangu wa Same nimempelekea nakala ya rasimu hii. Amejibu kwa mstari mmoja kwamba sharubati mseto amelikubali, na kwamba yule kijana wa mgahawani apelekewe nakala pia, kwa kuwa yeye ndiye mfasiri wa kila jioni. Nimefanya hivyo.